Wamenikubali Bila Kuniuliza Swali Hata Moja

SWALI: Shikamoo Bi Mkunga. Mimi ni msichana wa miaka 24, mkazi wa Kisauni, Mombasa. Nilimaliza diploma ya afya ya jamii mwaka jana. Asubuhi namsaidia mama kuuza mahamri na mbaazi, jioni nazunguka na wahudumu wa afya wa mtaani kwetu. Ndoto yangu ni kwenda nchi nyingine kujitolea mwaka mmoja, nione kazi hii inavyofanywa kwingine. Mwezi uliopita niliona kwenye Facebook tangazo la kujitolea na Umoja wa Mataifa nchini Ureno. Nikatuma jina, namba ya simu na picha ya kitambulisho. Kesho yake ikaja barua kwa WhatsApp: nimekubaliwa, nyumba bure, posho nono, ila nitume Sh65,000 za usajili na bima kwa M-Pesa ndani ya saa 48. Wamenikubali bila kuniuliza swali hata moja, nikaona ni bahati. Mama yuko tayari kuchukua mkopo wa chama. Je, nitume? Na kama ni uongo, sisi tusio na pesa tunapitia wapi?
*Msomaji, Kisauni*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usitume hizo pesa. Mama naye mwambie asiguse mkopo wa chama kwa ajili ya barua hii, hata huyo mtu akipiga simu mara kumi.

Nimeisoma nakala uliyoniletea. Juu imebandikwa nembo ya Umoja wa Mataifa, chini anwani ya barua pepe ni ya Gmail. Pesa zinatakiwa ziende kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Zile saa 48 zimewekwa ili usipate nafasi ya kumuuliza mtu, na nashukuru kwamba umeuliza. Programu ya Umoja wa Mataifa ya watu wa kujitolea ipo kweli. Makao makuu yake yako Bonn, Ujerumani, na wengi wanaijua kwa herufi UNV. Haitozi hata senti moja: si ya fomu, si ya mahojiano, si ya mafunzo, si ya bima. Ukiliona jina lake limefuatana na ada, jua umewekewa mtego.

Kwa kuwa picha ya kitambulisho umeshawapa, leo hii bonyeza *106# kwenye laini yako ya Safaricom utazame kama kuna namba usiyoijua iliyosajiliwa kwa jina lako. Kisha ipeleke barua ile na namba ya simu kituo cha polisi. Hata kama hakuna atakayekamatwa wiki hii, utakuwa na maandishi ya kuonyesha endapo kitambulisho chako kitatumiwa vibaya. Mpwa wangu hakufanya hivyo mwaka 2016, alipotoa Sh85,000 kwa wakala mmoja aliyekuwa na ofisi ghorofani hapa mjini. Wiki mbili baadaye mlango ulikuwa na kufuli, na muuza leso wa chini alikuwa amechoka kujibu swali lile lile kutoka kwa vijana waliokuja wakilia.

Lakini kilichonichoma zaidi katika barua yako ni yale maneno kwamba hukuulizwa swali, ukaona ni bahati.

Mwaka 2003 niliomba kwenda kujitolea kama mkunga. Nilikuwa na miaka 11 katika wodi ya wazazi na nilijiona nimeiva. Nikaitwa Nairobi, nikapanda basi la usiku, nikakaa mbele ya watu wanne tangu saa tatu asubuhi hadi alasiri. Ukikuta wodi haina glavu utafanyaje? Ukiongozwa na muuguzi uliyemzidi umri utamsikiliza? Mama yako mgonjwa atabaki na nani? Mara ya mwisho kukosea kazini ilikuwa lini, na ulimwambia nani? Swali hilo la mwisho lilinitoa jasho. Halafu wakanikataa. Barua yao ilisema najua kuzalisha lakini sijawahi kufundisha, na kule nilikoomba walihitaji mtu wa kuwafundisha wakunga vijana. Nilikasirika siku tatu. Siku ya nne nikamwomba mkuu wa wodi anipe wanafunzi, nikafundisha mwaka mzima, na 2004 nikaomba tena.

Nilipelekwa Mzuzu, kaskazini mwa Malawi, miaka miwili. Tiketi, nyumba na bima walilipa wao. Posho ilinitosha kwa nsima, samaki na kitenge cha sikukuu. Mfukoni mwangu zilitoka pesa za pasipoti na za masweta mawili ya mitumba niliyonunua Kongowea, maana baridi ya Mzuzu mwezi wa Juni sisi watu wa pwani hatuijui. Siku ya kuagana wale wakunga vijana waliniambia *yewo chomene*, asante sana kwa Kitumbuka, na usiku ule ule wakazalisha akina mama wawili mimi nikiwa nafunga sanduku.

Ndiyo maana nakwambia lile jopo lililonikataa lilikuwa likiwafikiria wale akina mama wa Mzuzu. Aliyekuandikia wewe hana mgonjwa hata mmoja anayemfikiria. Hajui kama unaweza kupima shinikizo la damu, na hana haja ya kujua.

Sasa tuje kwenye njia. Kwa miaka yako 24, UNV wanakuweka katika kundi la vijana wa miaka 18 hadi 26. Ingia mwenyewe kwenye unv.org, usipitie kiungo cha mtu, ujisajili bure na ujaze wasifu wako kwa utulivu. Nafasi zinagombewa na watu wa dunia nzima, kwa hiyo usikae ukingojea hiyo peke yake.

Umoja wa Afrika nao una kikosi chake cha vijana wa kujitolea, kilichoanzishwa mwaka 2010 kwa Waafrika wa miaka 18 hadi 35. Ukichukuliwa unakaa mwaka mmoja katika nchi nyingine ya bara hili, nauli na posho juu yao. Vijana wetu hawakitazami kwa sababu hakiendi Ulaya, na hilo linanisikitisha. Ulichosomea wewe, chanjo, malaria, kipindupindu, maji safi, kina kazi zaidi Malawi na Sierra Leone kuliko Lisbon, mji mkuu wa Ureno.

Hata hivyo, kama moyo wako uko Ulaya, tazama Ujerumani kabla ya Ureno. Zamani kijana wa Kijerumani aliyekataa jeshi alitumikia hospitalini au katika nyumba za wazee. Mwaka 2011 nchi ile ilipoacha kulazimisha vijana kwenda jeshini, ikaanzisha huduma ya kujitolea inayoitwa Bundesfreiwilligendienst, na wageni pia wanaweza kuingia. Kwa kawaida ni miezi 12, katika nyumba za wazee, shule za chekechea au makao ya watu wenye ulemavu. Unapewa pesa ndogo ya matumizi na bima, na mara nyingi malazi na chakula. Upo pia mpango wa weltwärts, ambao tangu 2013 unawapeleka Ujerumani vijana wa nchi kama yetu. Huo unagharamia hata tiketi, ila lazima upitie shirika la hapa lenye mwenzake kule. Mzigo wako utakuwa lugha, maana mashirika mengi yanayopokea vijana kule yanataka Kijerumani cha kiwango cha A2 au B1, yaani cha mazungumzo ya kila siku. Hilo lisikutishe. Pwani hii Kijerumani kimejaa. Nenda Bamburi au Diani ukawaulize waongoza watalii nani alimfundisha nani. Utapata mwalimu kwa bei ya mtu wa nyumbani, kisha ulipie mtihani tu. Ada ya viza ya kukaa muda mrefu ni euro 75.

Kwa mtu anayetaka kuonja kwanza zipo kambi za kazi za wiki mbili au tatu. Mtindo huo una zaidi ya miaka 100. Mwaka 1920, Mswisi Pierre Cérésole aliwakusanya watu karibu na Verdun, Ufaransa, kujenga upya kijiji kilichobomolewa na vita, na Wajerumani wakiwa miongoni mwa waliokuja kubeba mawe. Hapa kwetu kuna chama cha KVDA cha Nairobi, kilichopo tangu 1962, kinachoandaa kambi za namna hiyo na kina uhusiano na wenzake wa nchi nyingine. Kambini unalipa ada kidogo na nauli ni yako. Mwenyeji anakupa pa kulala na chakula.

Unaona basi kwamba kulipa peke yake si dalili ya utapeli. Wanaokuomba pesa waandikie: hizi ni za nini, ngapi zinamfikia mwenyeji, nikikosa viza narudishiwa kiasi gani? Mwenye mradi wa kweli anajibu kwa karatasi. Kisha mtafute mtu aliyekwenda huko miaka miwili iliyopita. Umtafute wewe, yule wanayekupa wao atakuwa amepangwa. Na mwenyeji mwenyewe mwandikie moja kwa moja, hospitali au shule ile, umuulize: nikiondoka mimi, kazi hii ataifanya nani? Nikikumbuka majibu niliyowahi kuletewa na wasomaji, swali hilo limewaumbua wengi.

Nchi jirani nazo usizidharau. Uganda na Rwanda unaingia kwa kitambulisho tu. Tanga unapanda basi Mwembe Tayari asubuhi, unapita Lunga Lunga na Horohoro, mchana umefika, mradi uwe na pasipoti. Ila kuvuka mpaka ni jambo moja na kufanya kazi ni jambo jingine, hata kazi isiyo na malipo. Tanzania, kwa mfano, wanaojitolea hukaa kwa kibali cha ukaazi cha daraja C, na mwenyeji wako ndiye wa kukiomba. Akikwambia ingia tu kama mtalii tutaona mbele, achana naye.

Jambo la mwisho kwako ni zile jioni unazozunguka mtaani. Unazitaja kama kitu kidogo. Mwendee afisa wa afya anayewasimamia, umwombe barua inayosema umeanza lini, umetembelea kaya ngapi, umefanya nini huko. Jopo lolote lenye akili litaanzia hapo.

SWALI: Assalam aleikum Bi Mkunga. Mimi ni baba wa binti wa miaka 19, nauza vitambaa Mtaa wa Biashara. Binti yangu amemaliza kidato cha nne na anataka kwenda Kathmandu, Nepal, kulea mayatima kwa wiki sita. Kampuni ya ng'ambo inataka dola 1,400, tiketi mbali. Wamemkubali siku ile ile. Walichotaka ni nakala ya pasipoti tu. Nikijikaza pesa nitazipata. Nahofia usalama wake, lakini pia sitaki aone nimemfungia dunia.
*Baba, Mji wa Kale*

JIBU: Waalaikum salaam, ndugu yangu. Hofu yako ni ya haki na nitaifikia. Niruhusu kwanza niseme juu ya usalama wa wale watoto.

Binti yako hakuombwa cheti cha tabia njema cha polisi. Hakuulizwa kama amewahi kulea mtoto. Kama yeye hakuulizwa, basi hata waliomtangulia hawakuulizwa, na mtu yeyote mwenye dola 1,400 anaweza kuingia kulala chumba cha pili na watoto wa watu. Wewe ni mzazi. Je, watoto wako ungewaachia mlango wazi namna hiyo?

Nepal ilikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1996 hadi 2006. Katika wilaya za milimani kama Humla, madalali waliwapitia wazazi wakiwaahidi kwamba watoto watapelekwa shule Kathmandu. Wazazi wakatoa pesa na watoto. Watoto wakaishia katika makao, wengine wakaandikiwa karatasi kwamba wazazi wamekufa, kwa sababu yatima huleta wageni na wageni huleta pesa. Vita vikaisha, biashara ikabaki.

Na sisi wa pwani tusijifanye hatuyajui. Nilipokuwa kazini nilikuwa nikienda kuchanja watoto katika makao fulani kaskazini mwa kisiwa. Kila baada ya wiki chache walikuja vijana wapya kutoka Ulaya, wema kabisa, wakabeba watoto, wakapiga picha, wakaondoka. Mtoto wa miaka minne alikuwa amejifunza kumkimbilia mgeni yeyote na kumwita anti. Siku ya kuondoka kwa mmoja wao alilia mpaka akatapika, na wiki iliyofuata akaanza upya na mwingine. Ndugu wawili pale mama yao alikuwa hai, Kaloleni, anauza muhogo. Kilichowapeleka makaoni ni karo ya shule. Gharama ya mgeni mmoja wa wiki sita ingewasomesha wote wawili wakilala kwa mama yao. Serikali yetu yenyewe ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mkakati wa taifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto warudishwe kwenye familia. Tukilikataa jambo hili kwa watoto wetu, hatuwezi kwenda kulilipia kwa watoto wa Nepal.

Kwa hiyo mimi nasema asiende kwenye makao yale. Safari lakini usimnyime. Akiwa na miaka 19 na kidato cha nne, kambi ya kazi ya wiki tatu Tanzania au Uganda inamtosha vizuri, na kabla ya hapo akajifunze jambo karibu. Kule Gazi, Kwale, wanakijiji wana mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013, wanalinda na kupanda mikoko na kuuza hati za hewa ya ukaa inayonaswa na miti hiyo. Watu wanatoka mabara mengine kuja kuutazama, nasi tunapita Ukunda hatusimami. Aombe ruhusa ya kushika jembe pale miezi miwili. Atakapoulizwa unaweza kufanya nini, atakuwa na jibu.

Sasa hofu yako. Popote atakapokwenda, dai jina na simu ya atakayempokea, anwani ya anakolala, tiketi ya kurudi, viza inayolingana na kazi atakayofanya, na pasipoti ikae kwake mwenyewe muda wote. Mwaka 2022 kulikuwa na Wakenya, wengine wenye digrii, walioahidiwa kazi Thailand wakajikuta wamefungiwa Myanmar wakilazimishwa kutapeli watu kwa kompyuta. Mzazi anayeuliza maswali haya hamfungii mtoto dunia. Kaa naye, myaulize pamoja, na simu ya kwanza kwa mwenyeji apige yeye wewe ukiwa ubavuni.

SWALI: Bi Mkunga, nina miaka 61, nimestaafu ualimu wa Hisabati. Watoto wamekua. Je, wazee wa Tudor nao wanaweza kujitolea nje, au Peace Corps na wengine ni wa vijana tu?
*Mwalimu mstaafu*

JIBU: Mwalimu, Peace Corps, shirika la kujitolea la serikali ya Marekani, limezuiwa kwako kwa sababu nyingine: tangu lianzishwe mwaka 1961 ni la raia wa Marekani pekee. Umri haukuzuii kwingine. UNV wana daraja la wataalamu wabobezi, kuanzia miaka 35, wenye uzoefu wa miaka 15 au zaidi, na wewe miaka hiyo umeipita mbali. Tovuti ile ile ina kujitolea kwa intaneti, bila malipo na bila nauli. Mwenzangu mmoja wa zamani alianzia huko, akihariri vitabu vya mafunzo vya shirika la nchi nyingine akiwa kwake barazani, na jina lake likajulikana kabla hajaomba kusafiri.

Uingereza inawezekana pia. Mtalii anaruhusiwa kujitolea siku zisizozidi 30, tena kwa shirika la hisani lililosajiliwa. Ukitaka zaidi kuna viza ya wanaojitolea katika mashirika hayo, hadi miezi 12 na bila mshahara. Shirika linalokuita lazima liwe katika orodha ya wenye leseni ya kudhamini wageni. Orodha hiyo serikali yao huichapisha. Litafute humo jina la shirika kabla hujalipa chochote.

Dawa zako kama unazo, uwe nazo za muda wote wa kukaa, na barua ya daktari. Halafu andika kurasa mbili: umefundisha nini, kwa nani, miaka mingapi, na ni walimu wangapi wachanga uliowashika mkono. Hiyo ya mwisho usiiache. Ukinitumia kabla ya mwisho wa mwezi nitaisoma na kukurudishia na alama nyekundu, kama ulivyokuwa ukiwafanyia wanafunzi wako.